Picha Ambayo Jedidah Hakuipiga

Jedidah akipata kitu alichokuwa akikitafuta, mtaa wetu wote wa Kaloleni utajua. Siku ile aliingia dukani kwangu na koti la maabara bado mwilini, akaipita foleni yote, akaniambia, "Ngina, chapa hii kabla mtandao haujapotea." Mimi nina saiba ndogo ya kuchapa na kutoa kopi, na watu wa kuruka foleni siwapendi hata kidogo. Lakini huyu ungemfanya nini? Macho yalikuwa yanamwaka. Nikachapa.

Ulikuwa ukurasa wa jarida la sayansi la enzi za ukoloni. Mafuvu ya Wataita yamepangwa mezani, kila moja na namba yake kwenye paji la uso. Nilitaka kuugeuza chini nisiuone. Jedidah alikuwa ameuhangaikia kwa miezi, akiandikia maktaba za ng'ambo ambazo nyingine hata kumjibu hazikumjibu.

Mchana kazi yake ni kutoa watu damu kwenye maabara ya kliniki moja hapa Voi. Jioni anasomea digrii ya pili, mambo ya maadili katika utafiti wa tiba: nani aliombwa ruhusa na nani hakuombwa. Na masomo yake anayaishi, hapo nampa heko. Hata mtoto anayenyonya hamdungi kabla hajamwambia, "Naomba kidole chako, bosi." Sisi humcheka sana kwa hilo.

Sasa shida ilikuwa hii. Mwalimu wake, Daktari Maxwell, alikuwa amemwambia kwamba vyanzo vyake vyote vimeandikwa na hao hao waliokuwa wakipima vichwa. Asipopata chanzo kutoka kwa Wataita wenyewe kufikia Jumatatu, sura ya mafuvu itolewe kwenye tasnifu yake. Na moyo wake wote ulikuwa kwenye hiyo sura, maana babake ni Mtaita wa Sagalla, huko mlimani. Zamani huko mzee akifa alizikwa, kisha baada ya muda kichwa chake kilifukuliwa na kuwekwa kwenye pango la ukoo, pamoja na waliomtangulia. Jedidah alishamwuliza shangazi yake Wakesho mara kadhaa, na simu ya kurekodi mkononi. Shangazi huimba kwaya. Kila mara alijibu kwamba wao ni watu wa kanisa, pango hawalijui.

Jumamosi nikafunga duka tukapanda bodaboda hadi Sagalla. Tulimkuta shangazi anapepeta mbaazi. Safari hii Jedidah hakuuliza kitu, alimpa tu ule ukurasa. Shangazi akauangalia mpaka mimi nikaanza kuona haya kwa kuuchapa. Akaweka ungo chini.

"Hawa watu wako wapi sasa?" akauliza.

Watu, si mafuvu. Jedidah akamwambia wako ng'ambo, ndani ya maboksi. Shangazi akajifunga leso vizuri, akatuambia tumfuate.

Pango lenyewe ni la kuinama. Vichwa vimekaa kwa safu, vimetulia, na katikati yao, hapa na pale, jiwe la mviringo. Shangazi alitueleza kwamba wageni walipobeba baadhi ya vichwa, wazee walichagua jiwe kwa kila aliyechukuliwa, wakaliweka mahali pake ili pasije pakakaliwa na mwingine. Watoto walipofundishwa majina ya safu, walifundishwa na ya mawe. Akaanza kuyataja, jiwe kwa jiwe, kwa sauti ile ile ya kwaya.

Jamani, nilisisimka mwili mzima! Na Jedidah ndiye alikuwa hakamatiki, ananishika mkono, ananong'ona kwamba chanzo ndicho hiki, kimekuwa hapa hapa siku zote. Simu ilikuwa tayari juu.

"Umewaomba?" shangazi akasema.

Mkono wa Jedidah ukabaki hewani. Nikakumbuka vidole vya wale watoto wa kliniki, na nadhani yeye pia alikumbuka. Akauliza wanaombwaje. Shangazi akasema ni lazima ukoo ukae, na watu wengine wako Maungu, wengine Mombasa, ni lini hajui. Nami nikamfinya Jedidah: piga moja tu, Jumatatu ndiyo hiyo! Aliniangalia jicho moja, nikamwachia. Simu ikarudi mfukoni.

"Niliyosema kwa mdomo wangu ni yangu, andika," shangazi akamwambia. "Hawa si wangu peke yangu."

Jumapili nilipomchapia hiyo sura, ukurasa mmoja ulitoka na fremu tupu. Nikaitukana printa, nikachapa tena. Tupu vilevile. Ndipo nikasoma maandishi ya chini: "Picha haipo. Wenyewe hawajaombwa bado." Jumatatu Daktari Maxwell akajibu kwamba maneno ya shangazi ni chanzo tosha, sura ibaki, na fremu ibaki hivyo hivyo. Jedidah alinikumbatia mbele ya wateja mpaka miwani yangu ikaanguka.

Kopi ya kwanza tulimpelekea shangazi. Akapekua polepole, akafika kwenye ile fremu, akauliza mbona hapa hakuna kitu. Jedidah akamsomea maandishi. Shangazi akapitisha kidole kwenye pembe zote za ile fremu.

"Kumbe na wewe umewawekea jiwe," akasema.

Mimi nilitoka nje, nikajifanya natafuta network.