Kengele Mbele ya Dereva

Mume wangu aliendesha lori kati ya Isiolo na Moyale tangu barabara ilipokuwa mawe matupu, na hakuwahi kukubali kula vumbi la mtu. Akimwona mwenzake mbele, lazima ampite. Siku hizi anakula langu. Mimi hutangulia kwa baiskeli, yeye hufuata kwa yake, na nikimkumbusha habari ya vumbi hununa mpaka jioni.

Presha ya macho ndiyo iliyomshusha kwenye lori. Ugonjwa huo huanzia pembeni: mtu anabaki kuona kilicho mbele yake tu, kama anayechungulia ndani ya bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Alirudisha funguo mwenyewe bila kulazimishwa, na nilimheshimu kwa hilo. Lakini mjini hapakuwa na njia yake tena. Bodaboda hutokea kila upande, na siku moja pikipiki ilimkanyaga vidole vya mguu akitoka msikitini. Baada ya hapo akaweka kiti mlangoni, akakaa. Alisikiliza malori yakipita, akanieleza kwa mlio tu: hili limezidishiwa mzigo, lile gia yake ya pili imekwisha. Mimi nina duka la nguo. Nikitoka asubuhi yuko pale, nikirudi yuko pale, na chai niliyomwachia imepoa na kufanya utando. Nilikichukia kile kiti. Nilitamani kukipasua kiwe kuni.

Wazo la baiskeli lilitoka kwa binti yetu anayefanya kazi Nanyuki. Huko ameona watu wazima wakiendesha baiskeli za matairi mapana kwenye barabara za changarawe msituni, mahali pasipo na gari hata moja. Sisi pia tuna msitu wa namna hiyo juu ya mji, ardhi inapoanza kupanda kuelekea Mlima Kenya. Askari wa msitu wameifunga barabara kwa kizuizi cha chuma, na wanaopita ni wa miguu, wa baiskeli, na ng'ombe wenye kibali.

"Baba hatagongwa na mti," binti akasema. "Mti hautembei."

Sasa nani atamtangulia? Mimi ni mtoto wa wafugaji wa Biliqo. Nimepanda ngamia, nimepanda lori juu ya magunia, lakini baiskeli sikuwa nimeigusa. Nilijifunza katika uwanja wa shule wakati wa likizo, suruali chini ya dera, nikianguka kila kona. Kuonekana mjini sikutaka kabisa. Mwanamke wa umri wangu juu ya baiskeli huwa habari ya soko zima kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo shemeji yangu hutupakia kwenye pikapu yake, baiskeli zikiwa chini ya turubai kama mali ya magendo, akatushusha kwenye kizuizi na kulala pale mpaka turudi.

Msituni mume wangu alirudi kuwa yule niliyeolewa naye. Chini kwetu joto hukausha midomo, lakini huko juu, kati ya mitarakwa na mizeituni mwitu, hata sweta hutosha kwa shida. Barabara hupanda, hushuka, hupinda, kisha hupanda tena. Alivijua vilima kwa miguu yake. "Shika gia ndogo sasa," aliniambia kutoka nyuma, "usingoje kilima kikukabe." Na tulipofika kileleni nikijisifu, alinionya: "Ukipanda mchongoma, mama, kushuka ndiyo ngoma. Breki ya nyuma kwanza." Alinifunza vizuri, ingawa kwa makelele.

Mwanzoni alifuata shungi langu la manjano nililojifunika kichwani. Aliliona vizuri katikati ya lile bomba lake. Tatizo lilikuwa kona: nikipinda, shungi linapotea. Ndipo nikaleta kengele ya ngamia ya marehemu mama yangu, ya mbao, nikaifunga chini ya kiti changu. Kila jiwe nililolipita iligonga, ko-ko, ko-ko. Mume wangu alicheka sana.

"Kengele hufungiwa ngamia anayepotea," alisema. "Kwa hiyo ni nani hapa amepotea?"

"Aliye nyuma anyamaze," nikamjibu.

Tukaendelea hivyo kwa muda mrefu. Kila tulipotoka nilimuuliza, "Shungi unaliona?" Naye akajibu, "Naliona, twende."

Basi ikawa siku moja baada ya msimu wa mvua. Tulikuwa tumegeuka kurudi, na kilichobaki kilikuwa mteremko mrefu mpaka kizuizini. Askari wa msitu, Mmeru mmoja tuliyemzoea, akatokea vichakani akatusimamisha kwa mkono.

"Habari yenu. Mama, ndovu ziko hapo chini kwa kona, na ziko na mtoto," akasema kwa sauti ya chini. "Zikisikia kengele zinajua ni watu wa ng'ombe, na hizo hazipendi. Nyamazisha hiyo kitu. Upepo ni mzuri. Piteni pole pole, msisimame."

Kunyamazisha kengele hakuna aliyehitaji kunifunza. Utotoni, tulipohama usiku kuwakwepa wezi wa mifugo, kazi yangu ilikuwa kujaza kengele nyasi. Nikang'oa nyasi mbichi, nikazishindilia mpaka ndimi zake mbili za mti, zile zinazogonga ndani, zikatulia. Nikamwambia mume wangu afuate shungi. Akaitikia kwa kichwa.

Nikashuka taratibu. Upande wa kushoto matawi yalivunjika, na nikaona mgongo mmoja wa kijivu kati ya majani. Kisha nikatambua kuwa sisikii changarawe nyuma yangu. Nikageuka. Mume wangu alikuwa amesimama katikati ya barabara, miguu yote miwili chini, uso ameuelekeza kwenye ndovu. Nikavua shungi nikalipunga. Hakugeuka. Nikaiacha baiskeli, nikamrudia kwa kunyata, nikasimama mbele yake kabisa na kuliinua shungi mbele ya macho yake. Alitazama tu, moja kwa moja, kana kwamba hapana kitu.

Nilipomgusa mkono alishtuka. "Nilidhani umeniacha," alinong'ona.

Tukapita kwa miguu. Mkono wake mmoja ulikuwa begani kwangu na mwingine ukisukuma baiskeli yake. Nilimsikia akihema. Nilipoifikia yangu nikaiokota, tukaendelea hivyo hivyo mpaka kona ikawa mbali nyuma yetu. Hapo ndipo nikalipuka.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya msimu wa mvua."

"Na shungi? Kila siku naliona, naliona! Mimi nakushusha milima hii mbio, kumbe niko na mtu asiyeona hata kidogo? Mficha maradhi kifo humuumbua!"

"Kifo bado," alisema. "Umeniumbua wewe." Kisha akasema bila mzaha: "Ningekuambia, ungenirudisha mlangoni."

Ni kweli, ningemrudisha, siku hiyo hiyo. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na woga. Nikatoa simu. Kumpigia shemeji kulikuwa rahisi. Askari wangemfungulia kizuizi, apande na pikapu, na mambo ya baiskeli yangeishia hapo. Mume wangu alisikia mlio wa simu nilipoiwasha. Hakuomba. Aliweka mikono juu ya usukani, akainamisha kichwa, na nikamwona vile anavyokaa kwenye kile kiti.

Tangu kabla ya mvua, na mimi ndiye nilikuwa nimeanguka, tena kwenye matope mbele yake. Yeye, kwa kufuata kengele tu, hakuanguka hata mara moja.

Nikairudisha simu mfukoni, nikapiga magoti nyuma ya kiti changu na kuanza kuchokoa zile nyasi kwa pini ya shungi. Zilikuwa zimeshikana, zikatoka vipande vipande. Nikaitikisa kengele. Ikagonga, naye akainua kichwa.

"Kaa nyuma yangu," nikamwambia. "Na ukinidanganya tena nitakuacha kwa ndovu."

Nikapanda, nikashuka mteremko nimekamata breki zote mbili, kengele ikigonga ko... ko... Nyuma yangu changarawe ikalia chini ya matairi yake, kisha nikasikia sauti ile ya barabara ya Moyale.

"Mama watoto! Hiyo gari yako imeisha mafuta? Ongeza mwendo!"

Nikaachia breki.