Mzalishaji wa Makorora

Juzi binti yangu alikuwa akijisomea somo la mlishano, jinsi viumbe wanavyolana, kwa sauti: mzalishaji, mlaji. Masikio yakaniwaka moto. Nikajiona tena darasani Makorora, mchana wa joto unaonuka chaki na jasho, mwalimu akiuliza nani atamtajia mzalishaji. Nilinyoosha mkono bila wasiwasi.

“Bibi yangu, mwalimu. Anazalisha wanawake mtaa mzima.”

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akachora jani ubaoni, akasema mzalishaji ni mmea, maana hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Siku hizi hilo nalijua vizuri. Najua pia kwamba wengi wa waliocheka mchana ule walizaliwa mikononi mwa bibi. Nami, nisionekane mjinga, nikacheka nao.