Mama Mdogo Kachukua Picha, Kaacha Negativu

Admin, jina langu baki nalo wewe. Na nyie mnaosoma msinicheke, mwenzenu hata chakula hakipiti.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, naishi na mama yangu Nguvumali, Tanga. Marehemu baba alikuwa na studio ya picha. Alituachia sanduku zima la picha: harusi, maulidi, watoto wa madrasa, watu wa Tanga ya zamani. Kuna vijana wanakusanya picha kama hizo, wanaziskani na kuziweka mtandaoni kila mtu azione. Walipokuja, mama aliona haya kuwakatalia. Kazi ya kupanga nikapewa mimi.

Toka hapo mama mdogo, mdogo wake mama, haishi kuja. Anakaa Pangani, na zamani tulimwona Idi kwa Idi. Sasa kila wiki yupo, na anataka akae na sanduku peke yake.

"Shikamoo mama mdogo. Unatafuta nini nikusaidie?"

"Marahaba mwanangu. Natafuta picha ya bibi yako tu. We nenda kapike."

Nikapika, lakini masikio yote huku. Alipoondoka, bahasha za picha zilikuwa zimepungua. Nikamwambia mama. Akajibu bila kunitazama, "Mwache na kumbukumbu zake." Mama huyuhuyu anayegombana na jirani kwa ajili ya ndoo!

Halafu siku moja nilikwenda mazikoni Pongwe. Kurudi, naambiwa mama mdogo alipita, na picha zimepungua tena. Jamani, sanduku lina kufuli, na ufunguo mama anaufunga kwenye pindo la kanga. Hata mimi lazima anifungulie. Nani alimfungulia mama mdogo?

Walichosahau ni negativu, vile vipande vyeusi ambavyo baba alisafishia picha. Alizitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Juzi mama hayupo, kijana mmoja akaziskani, akanigeuzia kompyuta.

"Dada, maharusi hawa ni nani, tuandike majina?"

Bibi harusi ni mama mdogo, hina mpaka viwikoni. Bwana harusi ni baba yangu. Na kwenye kipande hichohicho, picha inayofuata, mama yangu kabeba sinia la halua, anacheka.

Nilimwambia kijana siwajui, asiiweke kwanza.

Hatujawahi kuambiwa kuwa baba alimuoa mama mdogo. Tuliambiwa tu kwamba yeye hakujaliwa kuzaa. Na mimi ndiye kifungua mimba wa mama. Nawaza kama mama mdogo aliachwa kwa ajili ya mimba yangu, naogopa hata kumaliza hilo wazo, na nina hasira nao wote wawili.

Jumamosi vijana wanafuata majina. Kopo nimelificha kwenye nguo zangu. Niwaweke chini mama na mama mdogo niwaulize, au nilirudishe ninyamaze? Nishaurini haraka, nifanye nini? Asubuhi hii mama kaniuliza kama nimeliona kopo la maziwa, na mama mdogo yuko njiani anakuja.