Chumvi Isiyoliwa

Ninyi wenzangu mliokulia mji wetu wa Baraka, kando ya ziwa, wakati wa Mbelgiji, mnakumbuka chumvi ya duka ilivyokuwa na heshima. Ikiingia nyumbani haifichwi. Mama anaifunga kidogo kidogo katika majani ya migomba, sisi batoto tunakimbia kuwapelekea majirani, tukilamba vidole njiani. Atakayeila peke yake, bamama watamsema mpaka asikike kule mji wa Nundu.

Maharage yetu yalikuwa yametoka na majani ya manjano misimu miwili, na mbegu ilikuwa imebaki ya mwisho. Agronome, yule bwana shamba wa Serikali, akamwachia mama mkebe wa chembe nyeupe: ayeyushe kidogo katika maji, aloweshe mbegu, aikaushe kivulini, apande. Isiliwe na mtu wala mbuzi! Mama akaufunika, akaenda ziwani kuchota maji.

Shangazi Asende, dada ya baba, akaufunua. Maskini shangazi yangu, moyo wake ulikuwa mweupe kabisa! Aliona aibu imeingia nyumba ya kaka yake.

"Wifi analetewa chumvi na anafunika? Batatusema!"

Akagawa yote. Tukakimbia nayo, nyumba hadi nyumba.

Mama aliporudi alitupa mtungi. "Asende, utaniulia bantu! Hii haiko chumvi, iko dawa ya maharagi!" Akatoka mbio akipiga kelele, shangazi nyuma yake analia, bamama wanatupa vijiko. Bibi mmoja jirani alikuwa ameshaitia katika mikebuka, wale samaki wetu wa ziwani. Akamwaga chungu kizima huku analalamika: "Kufa ntakufa tu siku moja, lakini mikebuka yangu!" Jioni alikula kwetu, na hakuacha kitu.

Vifurushi vilirudi, na kila mama alirudi na cha kwake pamoja na mbegu zake. Mama angewakatalia vipi? Waliloweka zote katika beseni moja. Msimu ule maharage yalitoka kijani mpaka tukaacha njia kuyatazama.

Mjukuu wangu, msomi asiyejua kushika jembe, ananiambia ile ilikuwa molibdati ya sodiamu. Anasema mizizi ya maharage ina vivimbe vinavyovuta chakula kutoka hewani, na udongo wetu wenye asidi unavinyima molibdeni, madini yaliyomo katika ile dawa. Sawa, baba, nimesikia.

Siku hizi chumvi imejaa kila duka, na kila mtu anafunga geti lake. Jirani yangu wa kushoto simjui jina. Shangazi angekosea vile leo, angeanzia mlango gani? Na mama angempigia nani kelele amwage chungu chake?