Seva Iliyokuwa Ikijitaja Vibaya

Miaka ile ya soko huria, mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitenge Kariakoo aliniajiri nimwandikie programu ya kuonyesha mzigo uliobaki stoo. Niliiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java. Seva, yaani kompyuta kuu yenye hesabu ya mzigo, tuliiweka ofisini kwake mtaa wa Mchafukoge, na kompyuta ya dukani ilitakiwa kuifikia kwa laini ya simu.

Ofisini, nikiijaribu kwenye seva yenyewe, programu ilifanya kazi vizuri. Dukani, kila nikijaribu, kompyuta inasema muunganisho umekataliwa. Nikawa naenda na kurudi kwa miguu, nikipenya kati ya mikokoteni, shati limelowa jasho. Wateja waliotoka Zambia wakaanza kuguna.

"Mwanangu, umeisomea kweli hii?" mama akaniuliza.

"Nimeisomea, mama. Laini nzima, seva nzima."

"Basi mgonjwa nani?"

Nilitamani kuitupa ile kompyuta barabarani. Nikakaa juu ya robota la vitenge, nikausoma ujumbe wa kosa neno kwa neno. Anwani ya seva iliyotajwa humo ilikuwa ile ambayo kompyuta yoyote hutumia kujiita yenyewe. Seva ilikuwa ikimpa anwani hiyo kila anayeipigia, kwa hiyo kompyuta ya dukani ilikuwa inaitafuta seva ndani yake yenyewe!

Nikarudi Mchafukoge, nikaandika anwani sahihi kwenye mipangilio, nikaiwasha seva upya. Nilipofika dukani, mama alikuwa ameshaanza kuwasomea wateja mzigo uliopo. Nikamweleza kwamba kosa lilikuwa anwani tu.

"Kumbe kitu kidogo hivyo?" akasema.

Nikaomba maji ya kunywa.