Njia ya Kuingia Kimsituni

Mpaka leo, nikisikia harufu ya majani yaliyooza majini, miguu yangu haitulii. Hunirudisha Eastlands, miaka ya tisini, kwenye kimsitu cha majimaji nyuma ya mtaa wetu. Kilizungushiwa seng'enge, na mlinzi wake alikuwa baba yangu. Mle mikuyu ilisimama maji magotini, tumbili walizozana matawini, na kenge walijianika kama wenye nyumba. Kabla hajanywa chai, Baba alikwenda kukagua viota vya yangeyange, kimoja kimoja, kama mwalimu aitaye majina.

Nilikuwa na miaka tisa alipokuja bwana mmoja mwenye tai, na wenzake wawili waliobeba vigingi vya kupimia viwanja na mkebe wa rangi nyekundu. Baba alikuwa upande wa pili wa kimsitu.

"Sasa, mrembo," akasema yule mwenye tai. "Watu hupitia wapi bila kuzama?"

Nani asingeringa? Nikatangulia, nikiruka mizizi, nikawaonyesha hata viota. Aliponipa mandazi mawili, nilijiona nimelitumikia taifa.

Jioni Baba alivikuta vigingi.

"Nani kawaonyesha njia?"

Mama akatazama sufuria. Mimi nikatazama ugali. Juma lile Baba hakukalika. Aliwasha redio, akaizima, akatoka, akarudi.

"Baba Nekesa," Mama akamsihi, "mwenye nguvu mpishe. Tuna watoto."

Jumamosi, mchana kweupe, Baba aliving'oa vigingi vyote, mtaa mzima ukitazama. Mwezi haukuisha, akafutwa kazi. Tukahamia chumba kimoja Kayole, naye akawa mtu wa vibarua Viwandani. Kimsitu kilipona nusu. Nusu nyingine ni maghorofa.

Siri ile niliishi nayo kama mwiba unyayoni. Kila Baba aliponiita nilishtuka, nikidhani siku imefika. Nilikuwa nimeshazaa nilipopata moyo wa kumwambia.

"Mama," akaniita, kama wazee wa kwetu Bungoma waitavyo binti zao, "nilijua siku ile ile, kabla hata sijauliza. Nyayo zako zilikuwa matopeni, mbele ya viatu vyao. Nilizifuta kabla mkubwa wangu hajafika."

Miaka yote nilidhani juma lile alihangaika kumtafuta mwenye kosa. Kumbe alikwisha kumpata, naye alikuwa akihangaika asije mwingine akamjua.