Kibogoyo wa Mkeka wa Wadogo

Miaka ile ya ruksa, serikali ilipoachia biashara, kila mtu Mwanza alifungua kitu. Jirani wa kushoto alifungua genge, wa kulia banda la kinyozi, nami niliyekuwa nimepunguzwa kazi ya ukarani kiwandani nikafungua chekechea uani kwangu, Pasiansi. Ualimu sikuusomea. Nilikuwa na sauti kubwa, kengele ya baiskeli na mikeka mitatu, basi.

Mikeka ndiyo ilikuwa madarasa. Wa kwanza ulikuwa wa watoto wa miaka mitatu na minne, wa pili wa mitano, wa tatu wa wale wanaojiandaa kwenda darasa la kwanza. Vyeti vya kuzaliwa nani alikuwa navyo! Mzazi atakwambia huyu alizaliwa mwaka wa mvua nyingi, yule tulikuwa tunavuna pamba. Kwa hiyo nikachora mistari miwili ya chaki kwenye fremu ya mlango. Mtoto akija namsimamisha pale. Kichwa kikiishia chini ya mstari wa chini, mkeka wa kwanza, hakuna mjadala. Wazazi walinisifu, wakasema mwalimu ana kipimo, na mimi kichwa kikavimba.

Halafu nilijiona nawajua watoto. Wa miaka mitatu ukimwambia apange foleni analia, anadhani ni adhabu. Wa minne anauliza kwa nini, kwa nini, mpaka unatamani kujifungia chooni. Wa mitano ni kusemea wenzake tu: mwalimu, huyu kanitemea mate. Wa sita ameshajua kudanganya, tena bila kupepesa macho.

Kulikuwa na binti mmoja mfupi kama kinu. Mama yake alikuwa akikaanga samaki kule mwaloni, mitumbwi inakoshushia. Kichwa kiliishia chini ya mstari, nikamweka mkeka wa kwanza, na mwaka wa pili nikamwacha hapo hapo. Alinifaa, jamani! Aliwafuta wenzake kamasi, aliwafunga kamba za viatu, aliwapeleka chooni wawili wawili kawashika mikono. Nikawa natamba kwa watu kwamba Mungu kanipa msaidizi. Alisema kidogo, na akicheka aliziba mdomo kwa kiganja, maana alikuwa na pengo na wenzake walimwimbia "kibogoyo, kibogoyo!" Nilipomuuliza jino limekwenda wapi, alisema alianguka kwenye mawe. Nikaamini. Na ule wimbo, nisiwadanganye, siku moja niliucheka na mimi.

Ulipofika wakati wa kuandikisha darasa la kwanza, mama yake alikuja asubuhi, bado ananuka moshi. Shangazi wa mtoto alikuwa amejifungua huko Ukerewe na anataka wa kumlelea. Baba mtu ameshasema: shule wakimpokea, sawa, wakimkataa kama mwaka jana, Ijumaa anapanda meli.

"Nisindikize, mwalimu," akasema. "Wewe watakusikiliza."

Nikajifunga kanga safi, tukaenda.

Kile kipimo mnakijua: mtoto anapitisha mkono juu ya kichwa, ashike sikio la upande wa pili. Binti akapitisha. Kidole kikaishia juu kidogo ya sikio. Akajaribu kuinamisha shingo, mwalimu mkuu akamnyoosha.

"Bado mdogo huyu. Mleteni mwakani."

"Ana miaka saba, baba," mama akasema.

"Mama, wote wanaokuja hapa wana miaka saba." Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye mwalimu wake wa chekechea. Kwako yuko kundi gani?"

Nilitamani ardhi ipasuke. "La kwanza," nikajibu.

"Si ndiyo hayo!" akasema, akafunga daftari.

Mama alifika langoni akakaa chini, akalia bila sauti. Mimi sikujua la kufanya, nikamnunulia mtoto kipande cha muwa. Akaupeleka kwenye magego ya nyuma, akaumenya upande upande, krap, krap, maganda yanaruka. Mtoto wa mkeka wa kwanza humenyewa muwa na mama yake.

Mimi nimekulia nyuma ya ng'ombe, ingawa mjini nilikuwa silitaji hilo. Baba yangu mnadani hakununua dume kwa kutazama kimo. Alivuta mdomo wa chini, akahesabu meno makubwa, ndipo akataja umri. Alikuwa akisema mwili hutegemea malisho, kinywa hakidanganyi.

"Hebu fungua," nikamwambia binti, nikamshika kidevu.

Chini, meno mawili mapya, makubwa, ncha zake kama msumeno. Juu, pengo, na ndani ya pengo kitu cheupe kinachungulia. Nyuma kabisa, magego mapya.

"Si uliniambia ulianguka?"

"Walikuwa wananicheka, mwalimu."

Meno huanza kubadilika kwenye miaka sita; mkeka mzima kibogoyo alikuwa mmoja, na mimi sikujiuliza kwa nini! Nilivyojikasirikia siku ile, nusura nijizabe kibao.

Nikawarudisha wote wawili ofisini bila kupiga hodi. "Shikamoo tena, mwalimu. Mtazame kinywa."

"Mama, hapa ni shule, si mnada wa ng'ombe."

"Najua. Lakini wewe ni Msukuma kama mimi, mtazame tu. Mimi nilimpima kwa chaki mlangoni, na nilikosea. Kosa ni langu, mtoto hana kosa."

Alinikazia macho, kisha akaanza kuchekea puani. Akamwita mtoto wa darasa la kwanza aliyekuwa akifagia uwanja, akamwambia afungue kinywa. Akachungulia. Akachungulia cha binti yetu. Akarudi kwa yule wa kwanza.

"Wamelingana," akasema, na akalivuta lile daftari.

Mama alipiga vigelegele mle mle ofisini. Mimi nikakaa kwenye kiti cha wageni bila kukaribishwa. Meli iende zake. Nilifurahi, jamani, nilifurahi mpaka machozi, mwalimu mkuu akaniuliza kama naumwa.

Kurudi nyumbani binti alitangulia mbele, mdomo wazi, anamwonyesha pengo kila tunayepishana naye. Tulipokaribia geti langu akasimama ghafla, akanigeukia kakunja uso.

"Mwalimu, sasa nani atawapeleka wadogo chooni?"

"Nitawapeleka mimi."

Akanitazama kutoka juu mpaka chini, haniamini hata kidogo.

"Wawili wawili, mwalimu," akasema. "Na uwashike mikono."